Kushindwa na Paka kwa Heshima

Anza kwa kukubali kwamba umeshindwa. Ulishindwa siku ile uliporudi kutoka dukani na kopo moja la kujaribia, ukalifungua mbele yake, akala, akalamba, akakisukuma kisosa kwa ulimi mpaka kikagota ukutani. Ukajiambia, kumbe ni rahisi hivi. Kesho yake ukabeba katoni nzima. Kesho kutwa akaja, akanusa mara moja, akakwangua sakafu pembeni ya kisosa kana kwamba anafukia choo chake, akageuka na mkia juu.

Usikasirike. Kule kukwangua si tusi. Wahenga wake porini walifukia nyama waliyoshindwa kuimaliza ili wengine wasiinuse, naye amerithi mkono huo hata juu ya vigae. Lakini ukitaka kuishi na paka mwenye madeko bila kufilisika na bila kununiana naye kutwa, unahitaji mbinu. Mimi nimeishi Dar es Salaam na paka wa aina hiyo kwa miaka tisa, jina lake Kashata, na ninachokuambia hapa nimekifanya jikoni kwangu. Hatutafuti kumshinda. Tunatafuta ale, chakula kisituharibikie, na wewe ubaki na uso mbele ya wageni.

1. Nunua kidogo kidogo

Kopo moja la kila aina, basi. Katoni ina punguzo, najua, na muuzaji atakutazama kwa huruma ukiiacha. Iache. Punguzo hilo linamfaa mtu mwenye paka anayekula jana, leo na kesho, na wewe huna paka huyo.

Chukua makopo madogo ya gramu 85, hata kama lile la gramu 400 ni nafuu ukipiga hesabu. Hesabu hiyo ni ya chakula kinacholiwa. Sehemu kubwa ya kopo kubwa itaingia kwenye friji, na chakula kilicholala kwenye friji ndicho chanzo cha kesi zote kati yako na paka.

Sasa siri ya kwanza. Paka akikataa, watu hukimbilia kubadilisha ladha: leo kuku, kesho samaki, kesho kutwa bata. Wewe badilisha kwanza namna nyama ilivyokaa. Kuna iliyosagwa laini, kuna vipande ndani ya mchuzi mzito, kuna nyuzinyuzi zilizogandishwa kwenye jeli. Kashata hali vipande, hata viwe vya nyama gani. Hulamba mchuzi wote, vipande vinabaki vimekauka kama kokoto. Nilizunguka ladha sita kabla sijaelewa kwamba lugha anayoisikia ni ile ya nyama laini. Ukimpa laini, kuku na samaki kwake ni ndugu.

Kisha geuza kopo usome herufi ndogo. Picha ya mbele, yenye minofu inayong'aa na jani la giligilani pembeni, imepigwa kwa ajili yako. Paka hajawahi kuomba giligilani. Tafuta maneno yanayosema kilichomo ni chakula kamili. Kama imeandikwa ni chakula cha nyongeza, hicho ni kitafunwa, na hakuna anayeishi kwa vitafunwa.

Hili si jambo la karatasi tu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walionyesha katika jarida la Science kwamba paka wengi waliokuwa wakiugua kwa mioyo iliyotanuka na kudhoofika walikuwa wamepungukiwa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Paka hao walikuwa wakila chakula cha viwandani. Walipopewa taurini, wengi walipata nafuu, na baada ya hapo watengenezaji wakaongeza kiasi chake. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mpe tuna ya binadamu, si ni samaki yule yule," mshukuru, kisha umkatalie. Kijiko cha tuna mara moja moja hakina neno. Kopo la tuna kila siku humpunguzia paka vitamini E na mengine anayoyahitaji, na huku linamzoesha ladha moja kali hadi asitake nyingine. Utakuwa umejichimbia shimo kwa mikono yako na kwa fedha zako.

2. Hifadhi mahali penye baridi, pakavu, na pasipo macho ya watu

Kopo ambalo halijafunguliwa ni kitu kivumilivu, ila ukae nalo vizuri. Usiliweke kabatini juu ya jiko. Usilisahau kwenye buti la gari mchana wa Januari. Usilipange sakafuni, hasa kama unaishi karibu na bahari kama sisi, maana hewa ya chumvi hula bati taratibu na kutu huanzia kwenye ukingo. Liweke kwenye rafu, ndani ya kikapu, na lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Andika tarehe ya kununua juu ya mfuniko kwa kalamu ya wino mzito. Ile iliyopigwa na kiwanda ni ndogo na itakusumbua macho saa kumi na moja alfajiri.

Kopo lililovimba, tupa. Linalovuja, tupa. Lililobonyea kwenye maungio yake, tupa pia, bila kumfikiria muuzaji wala bei. Bakteria wa sumu ya botulini hupenda mahali pasipo na hewa, na kopo lililopoteza uzima wake ni nyumba aliyojengewa.

Sasa upande wa wageni. Usiyapange makopo ya paka karibu na sadini. Atakuja shemeji yako siku hupo, atafungua, atapaka kwenye mkate, na atasifu. Baada ya hapo hakuna maneno yatakayokuokoa. Kikapu chako kifunike kwa kawa, kikae peke yake.

Na akija mama, akafunua kawa, akauliza, "Haya ya paka ni shilingi ngapi?" mtajie bei ya kopo moja. Ni jibu la kweli na linatosha. Usitaje ni makopo mangapi kwa mwezi. Mama aliyelea paka watano kwa vichwa vya samaki na ukoko wa wali hahitaji kubebeshwa mzigo huo.

3. Fungua kwa siri

Peter Durand alipata hataza ya chombo cha bati cha kuhifadhia chakula huko London mwaka 1810. Kifungua kopo cha maana hakikuja mpaka miaka ya 1850. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu walifungua chakula chao kwa patasi na nyundo. Fikiria paka wa zama zile angeusikia mlo wake kutoka mtaa wa pili.

Wako anasikia ile pete ya kuvutia tu, na inamtosha. Mlio ule kwake ndio adhana ya chakula, na huo ndio udhaifu wake pekee, kwa hiyo utumie vizuri. Kopo jipya lifungue wakati hayupo karibu, kwa mkono mmoja juu ya mfuniko kuzima sauti. Halafu tunza kopo moja tupu, lioshe, lisage ukingo wake mpaka usikate. Siku ya kumpa chakula cha jana, ligonge kwa kijiko mara mbili, kisha leta kisosa. Atakuja mbio akiamini limefunguliwa jipya, na mwenye imani huanza kula kabla ya kukagua.

Usimlishe kwenye kopo lenyewe hata siku una haraka. Ukingo hukata ulimi, na paka mwenye tamaa ya kilichobaki chini huingiza kichwa kikakwama. Nimewahi kumnasua mmoja wa jirani, na makovu ninayo.

4. Cheza na friji, maana huko ndiko utakakopoteza au kuokoa fedha

Toa kiasi cha mlo wa sasa tu. Kilichobaki kihamishie mara moja kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko unaobana, lisilozidi ukubwa wa chakula chenyewe. Juu ya chakula laza nailoni laini ya kufunikia, iguse nyama, hewa isipate nafasi. Kwa nini usikiache kwenye kopo? Kwa sababu juu kitakauka na kuwa na ngozi, ndani kitabeba harufu ya bati, na paka atayajua yote mawili akiwa bado mlangoni.

Kiweke sehemu ya ndani kabisa ya friji, si mlangoni. Baridi iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Kitumie ndani ya siku mbili, tatu ukijikaza. Andika siku kwenye kipande cha plasta: "Jumanne asubuhi." Usiamini kumbukumbu yako. Kila mtu hudhani alifungua kopo jana.

Jihadhari na majirani wa humo ndani. Friji yenye kipande cha fenesi ni friji ya fenesi yote, na hakuna mfuniko uliowahi kulizuia. Kitunguu kilichokatwa nacho ni hivyo hivyo, na kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Basi bakuli la paka likae mbali na rojo lako, na kijiko kilichokoroga mchuzi wenu kisiingie humo.

Ukiwa na kopo kubwa ulilopewa zawadi, gandisha. Sambaza nyama kwenye trei ya barafu, kila kishimo mlo mdogo, funika, weka kwenye friza. Usiku toa vipande viwili viyeyukie ndani ya friji hadi asubuhi. Vitatoa maji na kulegea, hilo haliepukiki. Vikoroge kwa uma na uvichanganye na kijiko cha chakula kipya ili sura irudi. Trei iandike jina kwa herufi kubwa. Nyumba yenye watoto na juisi ya ukwaju si mahali pa kuacha trei isiyo na jina.

Kisha kuna umeme. Luku ina salio, nguzo imesimama, na bado giza. Umeme ukikatika usifungue friji kuangalia kama bado kuna baridi. Kila unapochungulia unaitoa baridi hiyo nje. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hushika hadi saa 48, iliyojaa nusu kama 24, kwa hiyo jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda. Zitakulindia nyama ya paka na ya kwenu. Saa 4 zikipita na friji imefikia joto la chumba, kopo lililofunguliwa ni la jalalani. Usilinuse ukitafuta ruhusa. Vijidudu vinavyomtapisha paka havilazimiki kunuka.

5. Pasha moto hadi joto la panya

Hapa ndipo wengi wangeshinda kama wangejua.

Paka wangu anaitwa Kashata, ila kashata yenyewe haimwambii kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell cha Philadelphia, nchini Marekani, walieleza kwamba jeni moja kati ya mbili za kuonjea utamu imekufa kwa paka. Waliikuta hivyo hivyo kwa duma na kwa chui milia. Ulimi wa paka una vionjeo mamia, wetu una maelfu. Mnyama huyu hachagui chakula kwa ulimi kwanza. Anachagua kwa pua, na pua yake ni ya ajabu.

Sasa fikiria unavyomtendea. Unatoa nyama kwenye friji, ya baridi, imeganda mafuta, harufu yote imelala, unamwekea mbele. Kwake hicho si chakula kibaya. Hicho hakijawa chakula bado. Panya aliyekamatwa sasa hivi ana joto la mwili, nyuzi 37 au 38, na hilo ndilo joto ambalo harufu ya nyama huamka.

Kwa hiyo: weka mlo kwenye kibakuli kidogo, kibakuli ukikalishe ndani ya maji ya moto ya chai kwa dakika tatu au nne, koroga. Dondosha kidogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto. Usihisi baridi, usihisi moto. Ukiwa na mikrowevu, sekunde 10, koroga, pima. Mashine hiyo huacha sehemu moja inachoma na nyingine barafu. Na kopo la bati halikanyagi humo.

Ongeza kijiko cha maji ya vuguvugu kwenye nyama. Atakula na kunywa kwa pamoja. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye jamaa zake bado wanazurura Serengeti. Ni ukoo wa nchi kame, haukuzoea kunywa sana. Kama robo tatu ya kilichomo kwenye kopo, au zaidi, ni maji, wakati chakula kikavu kina kama asilimia 10 tu. Hiyo ndiyo sababu bora ya kuhangaika na makopo, na ndiyo utakayompa mama akirudi tena kwenye swali lake.

6. Andaa meza

Kisosa kipana, cha udongo au kioo, kisicho na kina. Plastiki hushika harufu ya jana. Kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri kila mlo. Mtu akisema paka wake amechoka na ladha, mara nyingi paka amechoka na sahani.

Mahali pawe mbali na sanduku lake la mchanga. Hata wewe hungekula hapo.

Kwa ajili ya sisimizi, weka kisosa katikati ya sinia lenye maji kidogo. Ni ufundi ule ule wa bakuli la sukari, na hakuna sisimizi wa Dar aliyejifunza kuogelea hadi leo. Kwa ajili ya kunguru, usimlishe barazani kabisa. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliingia Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo wanajua ratiba za watu wote wa pwani hii. Mmoja humvuta paka mkia, mwenzake anachukua nyama.

Baada ya saa moja, ondoa kilichobaki. Katika joto letu saa moja ni nyingi tayari, na nzi hawana subira kama yako.

7. Weka chakula, halafu ondoka

Haya ndiyo magumu kuliko yote, kwa kuwa hayahusu paka.

Unataka akutazame. Umepasha, umepima mkononi, umeleta kisosa safi, na sasa umechuchumaa ukisubiri shukrani. Usisubiri. Paka anayetazamwa akila hujiuliza kuna nini. Geuka, osha kijiko, ingia chumbani.

Mwaka 1968 paka mmoja wa rangi ya chungwa alichukuliwa kutoka makazi ya wanyama ya Hinsdale, karibu na Chicago, akapewa jina Morris na kufanywa nyota wa matangazo ya chakula cha paka cha 9Lives. Sifa aliyouzwa nayo ilikuwa moja: kuchagua. Wangeweza kutangaza paka anayekula kila kitu. Waliona mbele. Binadamu hatafuti kukubaliwa na anayekubali kila mtu. Anamtaka yule mgumu, amkubali yeye peke yake. Ukilijua hilo juu ya nafsi yako, nusu ya fedha ya makopo inabaki mfukoni.

Basi mpe milo midogo midogo. Akiachiwa apange mwenyewe, paka hula mara kumi na zaidi kwa siku, kidogo kidogo, maana panya mmoja si mlo mkubwa. Kijiko kimoja na nusu, asubuhi, adhuhuri, jioni, kabla ya kulala. Kikiliwa chote, umepata ushindi. Kikibaki, umepoteza kijiko tu.

Akikataa bado, tumia poda. Saga dagaa wakavu wasio na chumvi, wale wa Kigoma ni wazuri, watwange mpaka wawe unga, weka kwenye kichupa. Ubano mdogo juu ya chakula, mbele yake, kwa madaha, kama mpishi wa hoteli. Au kijiko cha supu ya kuku iliyochemshwa peke yake, bila chumvi, bila kitunguu. Samaki wa sokoni Feri naye anafaa, ila mchemshe. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto hukimaliza. Hila hizi ziwe nadra. Poda ya kila mlo inageuka haki, na haki haina shukrani.

Ukitaka kumhamishia aina nyingine, mhamishe kama unavyohamisha mpaka wa shamba, usiku na taratibu. Siku ya kwanza kijiko cha chai cha kipya ndani ya cha zamani, kimesagwa kisionekane. Ongeza kidogo kila siku kwa siku kumi. Akigundua, rudi nyuma siku mbili, usiseme kitu.

Na kama ndiyo kwanza una kitoto cha paka, umebarikiwa, tumia nafasi hiyo leo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Wanda Wyrwicka aliwazoesha paka wenye watoto kula ndizi na viazi vya kuponda, na watoto wao wakala ndizi pamoja nao. Ndizi! Anachokionja paka katika miezi yake ya mwanzo ndicho atakachokiita chakula ukubwani. Mpe laini, mpe vipande, mpe jeli, mpe kuku na samaki, azoee kwamba dunia ina mengi. Kashata nilimpata akiwa mkubwa tayari, na fikra zake ziko kamili.

8. Pahali pa kutokubali kushindwa

Yote niliyokuambia ni ya paka anayechagua, yaani anayekula kitu fulani mahali fulani ndani ya siku hiyo. Paka ambaye hajatia kitu mdomoni kwa saa 24 si mchaguzi, ni mgonjwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Mpigie siku hiyo hiyo. Paka asipokula kwa siku chache, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini hilo linaweza kumwua. Usimfungie njaa ukingoje anyooke. Msemo wa kwamba njaa itamfundisha unafaa kwa mbwa labda. Kwa paka ni hatari.

Mwangalie pia anavyokataa. Akija kwenye kisosa kwa hamu, akanusa, akatia mdomo kisha akarudi nyuma akitikisa kichwa, huenda jino linauma. Akiwa na makamasi, pua imeziba, na umeshajua pua kwake ni nini. Hapo huna haja ya kubadilisha kopo. Hapo mbebe kwenye kikapu umpeleke.

Kashata alinifanyia hivyo mwaka wa nne wetu. Nilibadilisha aina tatu za makopo kwa siku mbili nikidhani ni madeko, kumbe jino la nyuma lilikuwa limeoza. Siku mbili zile hazijanitoka.

9. Makopo yaliyokataliwa

Utakuwa nayo, kumi au kumi na mawili, nyuma ya kikapu. Usiyatupe. Nyuma ya nyumba yako kuna dume la mtaani lenye sikio lililochanika, linalokula kila kitu na kushukuru kwa sauti. Mkaribishe.

Lakini mkaribishe chini ya dirisha ambalo wako hukaa. Fungua kopo la aina ile ile aliyoikataa, na safari hii mlio uachie wote. Kabla ya kumpa mgeni, chota kijiko kimoja pembeni, kwa kijiko safi, ukifiche. Wasile sahani moja, wa mtaani hubeba maradhi. Mgeni atakula kwa pupa akinguruma. Usitazame dirishani. Osha mikono. Pasha kile kijiko kimoja kwenye maji ya moto, kipime mkononi, gonga kopo tupu mara mbili, weka kisosa mahali pake.

Utasikia akiruka kutoka dirishani. Wewe endelea kwenda chumbani.